Joto la Viungio: Mhadhara Kuhusu Kuunda na Kupima Leza ya Uzi wa Kioo

Ndugu wasikilizaji, mtu akitajiwa leza ya kilowati moja, aghalabu huuliza itakata chuma cha unene gani. Swali hilo si baya, ila kwa sisi tunaoiunda huja mwisho kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuisaka nuru iliyopotea njiani na joto ililoacha hapo ilipopotelea.

Leza hii ni uzi wa silika ambao kiini chake, chenye kipenyo cha mikromita 20 hivi, kimetiwa iterbi, elementi ya metali inayomeza nuru na kuitoa upya kwa urefu mwingine wa wimbi. Kiini kimezungukwa na ganda la kioo la mikromita 400, nalo limevikwa polima, yaani aina ya plastiki, inayoirudisha nuru ndani. Nuru ya diodi, yaani vifaa vidogo vya umeme vinavyoilisha leza nuru, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 976, huingizwa kwenye ganda, kwa maana haiwezi kusongamana yote katika kiini chembamba kiasi hicho. Humo husafiri ikikatiza kiini mara kwa mara, hata iterbi iimeze na kutoa nuru ya nanomita 1070 hivi. Mpango huu, ambao Elias Snitzer na wenzake waliuonyesha mwaka 1988, ndio uliofungua njia ya kufikia kilowati.

Hata kila kitu kikienda sawa, takriban asilimia 9 ya nishati iliyomezwa hugeuka joto. Joto hilo halinitishi, kwa sababu limeenea katika mita nyingi za uzi uliolazwa kwenye bamba linalopozwa kwa maji. Linalonitisha ni la viungio. Ili kuunga nyuzi mbili tunavua polima, tunasafisha kioo kwa alkoholi, tunakata ncha ziwe wima, kisha tunaziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Chembe moja ya vumbi au ncha iliyokatwa mshazari yatosha kuharibu kazi yote. Kiungio kikipoteza asilimia 1 tu ya kilowati, wati 10 zinamwagika mahali pasipofikia unene wa nusu milimita, jirani na polima isiyovumilia kukaa juu ya digrii 85 hivi.

Ndiyo maana hatupandishi nguvu kwa mkupuo. Tukiwa tumevaa miwani ya kinga, kwa kuwa nuru hii haionekani ilhali hufika hadi retina, tunapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi tunatazama viungio kwa kamera ya joto. Joto likipanda sambamba na nguvu tunaendelea; mstari wa grafu yake ukianza kupinda juu tunazima na kuunga upya, hata kama wati zinazotoka zinapendeza. Atakayepuuza dalili hiyo aweza kuwasha moto ndani ya kiini, unaokimbia kuelekea chanzo cha nuru kwa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde na kuacha msururu wa mapovu katika kioo.

Kipimo cha nguvu peke yake hakitoshi. Spektra, yaani mchoro wa nuru kwa kila urefu wa wimbi, ikionyesha kilima karibu na nanomita 1120, mtawanyo wa Raman, ambapo mitetemo ya kioo huigeuza nuru kuwa ya wimbi refu zaidi, umeanza kuiba nuru. Nao mwale waweza kuyumba maelfu ya mara kwa sekunde, na kipimo cha nguvu kinachotegemea joto, kwa uzito wake wa kuitikia, kikasoma wati zilezile. Kwa hiyo tunaweka fotodiodi, yaani kihisi cha nuru, yenye kasi nyuma ya tundu dogo, nayo huonyesha mtikisiko huo mara tu unapoanza.