Pasha gari nusu dakika, halafu ondoka

Mambo vipi wadau, salamu kutoka Winnipeg, Kanada. Huku Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri asubuhi ni kawaida, na 30 chini ya sifuri haimshangazi mtu. Mnauona ule waya unaoning'inia mbele ya gari, hapo kwenye grili? Gari hili ni la petroli tupu, halichajiwi. Huo waya tutaurudia. Kwanza lile swali la watu wa Njombe, Makete, Limuru na kwingine kwenye baridi: niwashe gari, niliache lingurume dakika kumi ndipo niondoke?

Hapana. Gari lenye nozeli za kupulizia petroli na kompyuta, yaani karibu kila Toyota inayoshushwa bandarini siku hizi, linahitaji nusu dakika. Huku, baridi ikikaza kweli, dakika moja au mbili. Oili inapanda juu ya injini ndani ya sekunde chache tu. Ukishafunga mkanda na kutazama vioo, ondoka, ila taratibu: kama dakika kumi za kwanza usivushe injini mizunguko 2,500 kwa dakika (ile geji ya RPM), na usikanyage mafuta ghafla.

Mazoea ya kusubiri yalitoka kwenye kabureta. Kabureta ikipoa haichanganyi petroli na hewa vizuri, ndiyo maana mzee alikuwa anavuta choki, kile kishikio cha kuzidishia petroli, na kungoja. Akiondoka mapema, gari linamzimikia getini. Alikuwa sahihi kwa gari lake. Kwenye gari lako, sensa inasoma joto la injini na kompyuta inaongeza petroli yenyewe.

Na hapo kwenye kuongeza petroli ndipo pana hasara. Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo injini baridi inamwagiwa nyingi kuliko inavyounguza. Inayobaki inatambaa kwenye kuta za silinda, inasafisha utando wa oili unaozilinda ringi za pistoni, kisha inachuruzika hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi. Mvuke wa maji unaotokana na mwako nao unageuka maji humo humo. Dawa ni injini ipate moto haraka, na injini iliyosimama haibebi mzigo, kwa hiyo inapata moto polepole mno. Ikitembea, inapata moto upesi. Halafu ukiondoka unapasha pia giaboksi, bearingi za magurudumu na shokapu, vitu ambavyo kunguruma uwanjani hakuvipashi vizuri.

Mbona basi majirani hapa wanawasha magari robo saa nzima? Kwa ajili ya vioo na makalio yao, jamani. Kioo chenye barafu huendeshi nacho, hilo halina mjadala. Ila kwangua kwa kikwangulio cha plastiki huku hita ikipuliza. Usithubutu kumwagia maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka. Na usiwashe gari ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, wala kama theluji imeziba ekzosi: ule moshi una kaboni monoksidi, haina harufu, inaua.

Sasa ule waya. Ndani ya injini kuna hita ndogo ya umeme, ya wati kama 400 hivi, inayopasha kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Unachomeka ukutani kwa muda wa saa mbili kabla ya safari. Kuiacha usiku kucha ni kumlipa mwenye umeme bure. Kulanti yenyewe ni nusu dawa ya kuzuia kuganda nusu maji, mchanganyiko ambao haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukitia maji matupu, yakiganda yanatanuka na yanaweza kupasua bloku, yaani mwili wa injini. Betri nayo, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, inabaki na karibu nusu ya nguvu zake, wakati huohuo stata inasukuma injini iliyokuwa nzito.

Uzito huo unaletwa na oili, na hapa nawasema mafundi wetu kidogo. Ile namba kabla ya W kwenye kopo la oili inaeleza oili inavyokuwa kwenye baridi. Oili ya 0W inapimwa kama stata itaweza kuzungusha injini kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30, 20W kwenye 15 tu. Kumwekea IST 20W-50 kwa sababu "nchi yetu ina joto", wakati kitabu cha gari kinataka 5W-30, ni kuichelewesha oili kuifikia injini asubuhi ya Makete. Kama kuna kitu cha kubadilisha, ni hicho, si dakika za kusubiri.

Wenye dizeli, subirini taa ya njano ya koili izime ndipo mpige stata. Madereva wa malori, ninyi mnasubiri upepo wa breki ujae, hiyo ni sheria nyingine, msiondoke kabla geji haijafika kiwango kinachotakiwa.

Na wewe ambaye safari yako ni dakika tano kwenda sokoni na kurudi, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mara moja kwa wiki. Oili ikinukia petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, imwage hata kama kilomita hazijafika.