Kifungo cha Babu: Sare za Reli Zilivyobadilika

Assalamu alaikum. Wazee wetu, shikamooni. Nashukuru kupewa nafasi hapa uwanja wa Mkunguni, ingawa najua kuna anayejiuliza: Lamu na reli, wapi na wapi? Sisi ni watu wa mashua na punda. Lakini LAPSSET, ule mpango wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, unataka reli itoke bandari yetu kuelekea Isiolo, na mimi fundi cherehani nikisikia reli, nawaza nguo.

Kitazameni kifungo hiki. Ni cha shaba, cha koti la marehemu babu yangu, aliyekuwa gadi wa treni Mombasa. Kimeandikwa EAR&H, herufi za shirika lililounganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1948. Hakikushonwa. Nyuma kina kijishikio: unakipenyeza kwenye tundu la koti, kisha unakizuia kwa kipete cha waya. Koti likienda kwa dobi, vifungo vyote vinatolewa. Babu alivisugua kwa Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, kila jioni, vidole vikabaki vinanuka.

Mng'aro wote huo wa nini? Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa Uingereza mwaka 1830, treni ziliongozwa na askari wa reli kwa ishara za mikono, nao walivaa kiaskari. Basi sare ya reli ilizaliwa na amri ndani yake: ukimwona mvaaji, unatii. Rangi ikawa nyeusi au buluu iliyoiva, maana kwa masizi ya makaa ya mawe nguo nyeupe haimalizi safari. Huku kwetu ikaja kaki, neno lililotoka Kiajemi, na maana yake ni vumbi.

Badiliko ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1964. Huko Scotland, mafundi wa njia ya reli walivalishwa vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka. Treni ya umeme huja kimya na kwa kasi, na dereva lazima awaone kwa mbali. Kifungo cha babu kilikuwa cha kumfanya abiria atii. Kizibao kile kilishonwa ili mvaaji arudi kwa watoto wake. Hapo ushonaji ulipata heshima yake.

Reli ikifika Lamu, nataka sare zake zishonwe kwa cherehani za mitaa yetu ya Langoni na Mkomani, kwa pamba inayostahimili joto letu.

Sasa nakipitisha kifungo, kianzie kwa wazee. Kigeuzeni, mwone kile kijishikio.