Kifungu cha 10A na miaka 12 ya Curt Flood

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi niliowaona mkiingia na vijana wenu: asanteni kwa kuja. Tangazo linasema nitazungumzia njia ya mchezaji wa besiboli wa uwanja wa nje, tangu anasajiliwa mpaka anastaafu. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka huko nyuma, maana wanajua nitaishia wapi. Ndiyo, leo tena ni Curt Flood, mchezaji wa katikati wa besiboli ya Marekani. Nimealikwa kuzungumzia mambo mengi katika maisha yangu, na mara nyingi nimemleta huyu bwana. Nitaacha siku mtakapoanza kusoma mikataba yenu.

Wasioujua mchezo msiwe na wasiwasi, mnachohitaji ni kidogo. Uwanja wa nje una watu watatu: kushoto, katikati, kulia. Kazi yao ni kudaka mipira iliyopigwa mbali na kuirudisha haraka, kisha zamu ikifika nao washike gongo wapige. Wa katikati ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayehitaji miguu. Basi. Mengine mtayapata kwenye simu, ambako najua mnaangalia mtu anaruka ukutani anadaka mpira, mnarudia, mnatumiana. Mtu anaposaini karatasi hakuna anayemrekodi. Na safari nzima ya huyo anayeruka iko kwenye karatasi.

Flood alizaliwa Houston, Texas, Januari 1938, akakulia Oakland, California. Shule yake ya sekondari, McClymonds, ilitoa wachezaji watatu wa uwanja wa nje waliofika ligi kuu karibu kipindi kimoja: yeye, Frank Robinson na Vada Pinson. Mwaka 1956 timu ya Cincinnati ikamsajili kwa dola 4,000. Kijana wa miaka 18. Akapelekwa ligi za chini kule kusini, katika enzi za ubaguzi ulioandikwa kwenye sheria, akacheza na wazungu ambao hawakuruhusiwa kula naye meza moja. Siku moja, kati ya mechi mbili, alitupa jezi yake kwenye rundo la nguo chafu pamoja na za wenzake. Mtunza vifaa akaiopoa kwa fimbo, asiiguse, akaipeleka kwa dobi wa weusi. Wenzake wakatoka uwanjani, yeye akabaki amekaa uchi anasubiri nguo. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe uzeeni, na ukimtazama usoni unaona haijapoa.

Mwisho wa 1957 Cincinnati wakampeleka St. Louis. Hakuulizwa. Ana miaka 19, nani amuulize? Hapo akacheza miaka 12 mfululizo, 1958 mpaka 1969. Alipata Glavu ya Dhahabu mara saba, ile tuzo ya mdakaji bora katika nafasi yake. Msimu wote wa 1966 hakufanya kosa hata moja uwanjani. Alichukua ubingwa wa 1964 na wa 1967. Fainali ya 1968, mechi ya saba, mpira wa Jim Northrup wa Detroit ulimpita: alipiga hatua mbele, akagundua unaenda mbali, akageuka, akateleza. Wachezaji wawili wa Detroit wakafika nyumbani, yaani alama mbili, St. Louis wakapoteza. Naitaja kwa sababu kuna mtu hapa atainua mkono kuniambia ndiyo sababu waliachana naye. Keti, ndugu yangu. Baada ya mpira huo alipewa mkataba wa dola 90,000 kwa msimu wa 1969, na mwaka huo huo akapata Glavu ya Dhahabu nyingine. Kilichomponza ni kwamba aliidai pesa hiyo, na aliidai kama mtu anayejua thamani yake. Mwenye timu, August Busch, tajiri wa bia, aliwakalisha wachezaji chini Machi 1969 akawasomea hotuba ndefu kuhusu shukrani. Nimekutana na viongozi wengi wa klabu katika kazi yangu, na hotuba hiyo naijua kwa moyo bila kuisoma.

Oktoba 1969 simu ikalia. Si Busch aliyepiga, ni ofisa wa ngazi ya kati. Curt, umepelekwa Philadelphia. Miaka 12, nyumba iko St. Louis, biashara iko St. Louis, na taarifa inachukua muda wa kuchemsha chai.

Sasa tufike kwenye karatasi. Naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Kila mchezaji wa ligi kuu alisaini mkataba wa aina moja. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 10A. Kwa lugha ya kawaida kilisema hivi: mkataba ukiisha na hamjakubaliana mshahara, klabu ina haki ya kuuongeza mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Mwaka mmoja. Unaonekana mdogo, sivyo? Lakini wenye timu walikuwa na usomaji wao. Walisema masharti yale yale ni pamoja na kifungu chenyewe cha kuongeza. Kwa hiyo ule mwaka ulioongezwa nao una haki ya kuongezwa, na huo mwingine nao, mpaka mtu azeeke. Na klabu nyingine hazikuruhusiwa kuzungumza naye. Ukisaini na Cincinnati una miaka 18, Cincinnati wanakumiliki. Wakikutoa, aliyekupokea anakumiliki. Ukikataa, nenda kauze magazeti. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu karne ya 19, na ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasinichoree njia ya mchezaji kwa mishale: akademi, ligi ya chini, ligi kuu, ustaafu. Mshale ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Flood akaenda kwa Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, mtu aliyetoka kwenye chama cha wafanyakazi wa chuma. Miller hakumpamba kwa maneno. Alimwambia ukweli: utashindwa, hutapata kazi ya ukocha wala umeneja maishani mwako, watakuchimba mpaka mambo yako ya nyumbani. Flood akauliza kama kesi hiyo itawasaidia wachezaji wengine na wanaokuja. Miller akasema ndiyo. Basi, akasema, twende. Desemba wawakilishi wa wachezaji wakakutana San Juan, Puerto Rico, wakapiga kura: 25 wa kumuunga mkono, hakuna aliyepinga. Ikumbukeni kura hiyo.

Tarehe 24 Desemba 1969 akamwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn. Barua fupi, ya adabu. Baada ya miaka 12 katika ligi kuu, alisema, sijioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali ninachotaka mimi. Akaomba timu zote ziarifiwe kwamba yuko tayari kupokea ofa kwa msimu wa 1970. Kuhn akajibu kwa adabu vilevile: hapana.

Najua mnachofikiria, nimeshakisikia katika kila ukumbi. Dola 90,000 mwaka 1969! Mtu analipwa hivyo analia nini, na wafanyakazi wa viwandani wasemeje? Aliulizwa hilo hilo kwenye televisheni na mtangazaji wa michezo Howard Cosell. Akajibu: mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Magazeti yakamrukia kwa neno hilo. Mimi nalitetea, lakini kama linawakera liwekeni kando, tuulizane kisheria tu. Mwalimu wa hisabati akichoka na shule moja anaomba kazi shule nyingine. Dereva wa lori anabadilisha kampuni. Kocha wa Flood angeweza kuondoka mkataba wake ukiisha. Ni mchezaji peke yake ambaye mkataba wake hauishi. Ukubwa wa mshahara unaingiaje hapo? Halafu nijibuni na hili: kama 90,000 ilikuwa nyingi mno, kwa nini wenye timu waliogopa sana kuacha mtu mwingine ataje bei?

Alifungua kesi Januari 1970, akidai mfumo huo unavunja sheria za kuzuia ukiritimba. Philadelphia walikuwa tayari kumlipa karibu dola 100,000. Akakaa msimu mzima bila kucheza. Wakili wake alikuwa Arthur Goldberg, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Mei kesi ikasikilizwa New York. Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa ligi kuu, akaja kutoa ushahidi, mgonjwa, nywele nyeupe. Hank Greenberg, nyota wa zamani, akaja. Waliostaafu wakaja. Na wale wa kura 25? Hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyekuja kukaa kwenye benchi la mahakama. Hata kukaa tu. Wenzake aliokula nao, aliowadakia mipira yao miaka 12. Kura ya mkono ni rahisi, wanafunzi wangu, inapigwa ndani ya hoteli.

Mahakama Kuu Kabisa ikatoa hukumu tarehe 19 Juni 1972, majaji watano dhidi ya watatu. Alishindwa. Hukumu aliiandika Jaji Harry Blackmun, na nawasihi wanaosoma sheria waitafute, kwa sababu ni kituko. Inaanza kwa kuusifu mchezo, na ndani yake jaji ameorodhesha wachezaji zaidi ya 80 anaowapenda. Majina tu, kama mtoto anayepanga picha zake. Majaji wawili waliokubaliana naye katika matokeo walikataa kuunga mkono sehemu hiyo. Kisha anasema hivi: mwaka 1922 mahakama hii iliamua kwamba besiboli haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba, mwaka 1953 tukarudia, michezo mingine yote inaguswa, jambo hili halina mantiki, lakini limekaa muda mrefu, libaki, Bunge likitaka lilibadilishe. Yaani kosa likizeeka linapata heshima! Jaji William Douglas, aliyekuwa upande wa walio wengi mwaka 1953, safari hii akapinga na kuandika kwamba ameishi akaujutia msimamo wake wa zamani.

Mpinzani mwingine alikuwa Thurgood Marshall. Wakenya mlioko hapa, huyo ni wenu kidogo: ndiye aliyekwenda Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya na rasimu ya sheria ya haki za raia. Kule alishughulika sana na kinga ya mali, kwamba serikali isichukue mali ya mtu bila fidia. Miaka 12 baadaye anakaa kwenye kesi ya mtu anayesema yeye mwenyewe si mali. Ningeweza kutoa mhadhara mzima juu ya hilo, na Mwenyekiti anajua ningeweza, ndiyo maana ananitazama hivyo.

Flood alijaribu kurudi 1971 na timu ya Washington. Mechi 13 tu. Miguu haikuwepo tena, moyo haukuwepo. Akamtumia mwenye timu telegramu kwamba amejaribu, mwaka mmoja na nusu nje ya mchezo ni mwingi mno, akaondoka Marekani, akaishi kisiwa cha Majorca akiendesha baa. Ana miaka 33. Hiyo ndiyo njia ya mmoja wa wadakaji bora wa katikati waliowahi kukanyaga nyasi.

Sasa utamu, au uchungu, sijui. Wakati kesi inaendelea, chama kilipata kwenye mkataba wa pamoja wa 1970 kitu ambacho wenye timu hawakukipima vizuri: migogoro iamuliwe na msuluhishi wa nje. Mwaka 1975 wapigaji, samahani, warushaji wawili, wale wanaomrushia mpigaji mpira, Andy Messersmith na Dave McNally, hawakusaini mikataba mipya. Klabu zao zikatumia 10A kuwaongezea mwaka. Mwaka ukaisha. Desemba, msuluhishi Peter Seitz akakisoma kifungu akasema: kimeandikwa mwaka mmoja, basi ni mwaka mmoja. Wako huru. Wenye timu wakamfukuza kazi papo hapo, lakini uamuzi ulishatoka. Karibu miaka mia ya umiliki ikaanguka kwa mtu kusoma sentensi jinsi ilivyoandikwa.

Nilitaka kuzungumzia akademi za Jamhuri ya Dominika, ambako mvulana anasaini na miaka 16, na ligi za chini, ambazo wachezaji wake walijiunga na chama mwaka 2022 tu. Muda umekwisha, mtaniuliza kwenye maswali. Flood alifariki Januari 1997, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria yenye jina lake, inayowapa wachezaji wa ligi kuu kile alichonyimwa. Katika Jumba la Watu Mashuhuri la besiboli bado hayumo.

Kijana pale mbele ananionyesha jina kwenye simu yake. Juan Soto. Najua, nilijua litatokea. Ndiyo, mchezaji wa uwanja wa nje, Desemba 2024, New York Mets, dola milioni 765 kwa miaka 15. Unataka kuniambia mambo yameisha. Basi tazama kabla ya hapo. Alisaini na Washington 2015 ana miaka 16. Mwaka 2022 akakataa ofa yao ya dola milioni 440. Wakamhamishia San Diego. Mwaka 2023 San Diego wakamhamishia Yankees, timu nyingine ya New York. Mara zote mbili hakuwa na kauli, kwa sababu mchezaji lazima atimize miaka sita ya huduma ligi kuu kabla ya kuwa huru. Na hata katika huo mkataba wa milioni 765 kuna kifungu: baada ya msimu wa 2029 anaweza kujitoa, na Mets wanaweza kukifuta kifungu hicho wakimwongezea dola milioni nne kila mwaka kwa miaka kumi iliyobaki. Umekiona kwenye hiyo video, kijana? Haya, maswali. Tuanze na mama aliyeshika karatasi.