Finali ya Wimbledon, pointi sifuri

Jambo yenu bamama, jambo bapapa. Batoto bale munasimama huko karibu na mulango, mukuye mbele, kuko viti, hakuna mwenye atauliza mutu swali ya masomo. Ijapokuwa hesabu kidogo tutafanya, munisamehe, tenisi bila hesabu haiko.

Basi. Banaomba niongee juu ya mwanamuke mwenye anacheza tenisi sawa kazi, kazi yenye kulipa nyumba, haiko ile ya kutoka jasho siku ya yenga kiisha kunywa bia ya Simba. Nilitaka kuanza na Serena Williams ju kila mutu anamujua, lakini Serena iko mbali sana na siye, mutoto wa Katuba hapa Lubumbashi ukimuambia afanye sawa Serena atacheka tu, na iko na haki ya kucheka. Njo maana nimechukua Ons Jabeur wa Tunisia, na nimemuchukua kwa sababu moya yenye itashangaza bamoya: hakushindaka Wimbledon, ile shindano kubwa ya tenisi ya Uingereza. Alifika finali mara mbili, akafungwa mara mbili. Tena ile ya kwanza, ya 2022, alitoka mule na pointi sifuri. Nitaeleza vile ilifanyika, lakini twende polepole.

Mi mwenyewe tenisi nilijua kwa kuokota mipira. Papa alitumikaka ku mine, na bakubwa ba mine balikuwaka na tereni zao za udongo mwekundu, udongo ya kichuguu, banasaga, banamwangia maji, banapitisha rulo. Siye batoto tulikuwaka tunakaa kwa fensi, mupira ukiruka tunakimbia, tunapewa franka kidogo ama mukate. Raketi yangu ya kwanza kaka alichonga mu ubao wa sanduku. Nilikuwa mutoto mwanamuke peke yangu mule, na bamama ba parseli balikuwaka banamuambia mama yangu: ule wako miguu yote nje, nani atamuoa? (Niliolewa, musikuwe na wasiwasi, bwana yangu iko pale anakaa.)

Sasa Ons. Alizaliwa 1994 ku Ksar Hellal, akakomalia ku Sousse, muji wa bahari. Mama yake Samira njo alikuwa anapenda tenisi, anacheza ya kujifurahisha, akaanza kumupeleka ku klabu wakati mutoto iko na miaka 3. Na sikilizeni vizuri hapa: ile klabu haikukuwa na tereni zake. Bale batoto balikuwa banachezea ku tereni za mahoteli ya batalii. Kila mara mi nasikia mutu mu Lubumbashi anasema siye tuko nyuma ju hatuna tereni, namukumbusha ile. Akiwa na miaka 12 akaacha nyumbani, akaenda Tunis mu lise ya michezo ya El Menzah. Miaka 12! Mutoto wako wa miaka 12 unamutuma ku soko ya komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, unamutolea macho paka arudi.

2010 akafika finali ya Roland Garros, shindano kubwa ya Ufaransa, ile ya batoto, Elina Svitolina wa Ukraine akamufunga. Mwaka wenye ulifuata, 2011, akarudi akashinda, alifunga Monica Puig wa Puerto Rico. Kila mutu akasema, ee, mambo imeisha, ule mutoto atakuwa mukubwa, miaka miwili tu mutaona.

Haikukuwa miwili. Mu 2016 ule Puig mwenye Ons alimufunga alikamata medali ya dhahabu ya Olimpiki ku Rio. Svitolina naye alikuwa anapanda tu. Na Ons? Ons alikuwa bado nje ya mia moya ba kwanza mu orodha ya dunia. Alingia mu mia ya kwanza 2017, kiisha Roland Garros yenye alikuwa ata hakupita mu mechi za kutafuta nafasi, alifungwa, kiisha mutu mwingine akaacha nafasi, bakamuita yeye. Akaingia na ile bahati akafunga Dominika Cibulkova mwenye alikuwa mu bale bakubwa kabisa. Miaka sita bazazi bangu! Toka 2011 mupaka 2017. Ile miaka sita njo kazi ya tenisi. Finali ile munaona ku televizyo iko kitunguu juu ya bukari tu.

Mu ile miaka mutu anafanya nini? Anacheza mashindano ya chini, zile zenye banaita W15. Ile 15 inamaanisha feza yote ya shindano, ya bachezaji bote pamoja, ni dola 15,000. Mwenye anashinda wiki nzima anapata dola elfu mbili na kitu. Mwenye anafungwa mechi ya kwanza hafiki ata dola 200. Na mu zile 200 utoe tiketi ya ndege, hoteli, chakula, kamba za raketi, viza, na kama uko na antrenere utoe ya antrenere na chumba yake na tiketi yake. Hesabu inakataa. Papa mumoja hapa mbele anatingisha kichwa, eh papa, hesabu inakataa kabisa, njo maana bengi banaacha na miaka 20, haiko kwamba hawajui kucheza, feza njo inaisha mbele ya miguu. Mwenye anashinda W15 leo anapewa pointi 15, zile pointi zenye zinapanga namba yako mu orodha ya dunia. Mwenye anashinda Wimbledon anapewa 2,000. Fanyeni hesabu nyinyi benyewe.

Kuko kitu kingine kuhusu pointi. Pointi haiko makayabu yenye utaweka kwa nyumba ikae. Pointi iko samaki mubichi ya Kasenga. Inaishi wiki 52, kiisha inaoza, inatoka. Ukifika mbali mu shindano mwaka huu, mwaka kesho unarudi pale pale ku kutetea, ukifungwa mapema unashuka. Ugonjwa, goti, mufiwa kwenu, pointi haingojee.

Sasa turudi ku ile sifuri. 2021 Ons alifika robo finali ya Wimbledon, pointi zake akapata. 2022 akakuya akiwa namba 2 ya dunia, mwanamuke wa Afrika, Mwarabu, namba 2! Kumbe ule mwaka Wimbledon ilikataa bachezaji ba Urusi na Belarus juu ya vita ya Ukraine, na chama ya banamuke, WTA, na ya banaume pia, bakasema kama munakataa bamoya basi hakuna mutu atapewa pointi. Lakini zile za mwaka uliopita zinaoza tu sawa kawaida. Munaona mutego? Ons akacheza vizuri kuliko mwaka wenye ulipita, akafika finali, akashinda seti ya kwanza 6-3, kiisha Elena Rybakina wa Kazakhstan akamurudia 6-2, 6-2. Siku ya kwanza ya juma, orodha mupya inatoka: Ons ametoka namba 2 ameshuka namba 5. Juu ya kufika finali! Na Rybakina mwenye amebeba sinia ya Wimbledon amebaki pale pale, namba 23. Feza balipata, siwezi kuwadanganya, wa pili alipewa pauni milioni 1 na elfu 50, lakini namba njo inakufungulia milango ya mashindano mengine.

Mi ile siku nilikasirika sawa ni mutoto wangu. Yeye miezi miwili kiisha alikuwa mu finali ya US Open, shindano kubwa ya Amerika, Iga Swiatek akamufunga, lakini pointi 1,300 zikaingia, akarudi namba 2.

Mutaniuliza alikuwa anacheza namna gani. Ons haiko na nguvu ya kuvunja ukuta sawa bale barefu. Silaha yake ni amorti. Unangoja mupira wa nguvu, uko nyuma kabisa, yeye anaugusa tu sawa mama anagusa bukari kuona kama imeiva, mupira unaanguka karibu na wavu, unakufa. Antrenere bamoya bakati wa utoto balikuwa banachukia ile, banamuambia acha michezo, piga. Mi nasomesha batoto bangu amorti, na kila siku bazazi banalalamika sawa bale.

Na kuko ile ya Moscow, naipenda sana. 2018 alifika finali yake ya kwanza kubwa ya WTA, akashinda seti ya kwanza, kiisha akafungwa mu seti tatu na Daria Kasatkina. Akangoja paka 2021, ku Birmingham, Uingereza. Finali, na mbele yake nani? Kasatkina. Akamufunga. Mwanamuke wa kwanza Mwarabu kushinda shindano ya WTA. 2022 akaongeza Madrid, yenye iko kubwa zaidi.

2023 akarudi Wimbledon, akafunga Rybakina mu robo, kulipa deni, akafunga Sabalenka mu nusu finali. Bote tulisema ya sasa njo yake. Marketa Vondrousova wa Czech, mwenye ata hakukuwa mu bale 32 ba kupangwa juu, akamufunga 6-4, 6-4. Ons akalia mbele ya dunia, akasema ile njo kufungwa kwenye kumemuuma kupita kote. Kuna mutu hapa nyuma alisema mbele nianze kwamba alikuwa na woga. Pengine. Lakini Kim Clijsters, Mubeleji, bazee munamukumbuka, alipoteza finali zake ine za kwanza za Grand Slam, njo yale mashindano makubwa kabisa sawa Wimbledon, mbele ashinde US Open 2005. Kiisha akaacha tenisi, akazaa, akarudi, 2009 akashinda US Open tena, mutoto wake anatembea mu uwanja.

Umeme umeenda. Haizuru, sauti yangu inatosha, nilizoea kupiga kelele ku tereni.

Ya feza za banamuke niseme haraka. 1970, ku Houston, banamuke tisa, Billie Jean King ndani, balisaini mukataba wa dola moya moya ju shindano moya ya Los Angeles ilikuwa inapea mwanaume wa kwanza dola 12,500 na mwanamuke 1,500. 1973 bakaanzisha WTA. US Open ikasawanisha feza ule mwaka wenyewe; Wimbledon ikangoja paka 2007. Miaka 34, sijui balikuwa banatafuta kalkuleta wapi.

Mama mwenye kitambaa ya bluu aliuliza mbele, je, na siye banaongea Kiswahili? Kuko Angellah Okutoyi wa Kenya. Mama yake alikufa wakati wa kumuzaa, yeye na pacha wake, nkambo yao akabalea, nkambo mwenye alikuwa anatumika mu masomo moya ya Nairobi. 2022, ule mwaka wenyewe wa sifuri, Okutoyi akashinda Wimbledon ya batoto, ya bawili bawili, pamoja na mwenzake wa Uholanzi. 2024 akakamata dhahabu ya michezo ya Afrika ku Accra. Sasa iko mu ile miaka sita yenye niliongea, anasafiri, anahesabu.

Na Ons? Mabega, goti, kupumua. Mwezi wa 7 wa 2025 akasema anasimama kwanza, ju muda murefu hajisikie furaha mu tereni, na kiisha mu mwaka ule akatangaza iko na mimba. Zamani mimba ilikuwa inamaliza kazi. Toka 2025 WTA iko na mufuko wa kulipa mama mupaka miezi 12, na kuko namna ya kumuwekea namba yake akirudi. Bamama, munapiga mikono ju ya ile kuliko finali, nimeona.

Swali ya mwisho, mama? Ah, mutoto wako iko na miaka 9, anapenda kukimbia, na hamuna raketi. Mumulete siku ya posho saa moya ya asubui, mbele jua ipande, na viatu vyenye haviteleze. Raketi tuko nazo munane, moya kamba zimekatika, nitamupea yenye iko nzima. Na wewe mama ukuye, ju kuko mipira mingi ya kuokota.