Kosminski na Mauaji ya Whitechapel

Ndugu wasikilizaji, kabla sijamtaja mtuhumiwa naomba niwataje waliouawa, maana katika kesi hii wao ndio husahauliwa mapema: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Waliuawa mashariki ya London kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba 1888, na muuaji, anayeitwa Jack the Ripper hadi leo, hakupata kufikishwa mahakamani.

Jina linalorudiwa zaidi siku hizi ni la Aaron Kosminski, kinyozi Myahudi mzaliwa wa Poland, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Colney Hatch mwezi Februari 1891. Jina Kosminski limo katika waraka ulioandikwa mwaka 1894 na Melville Macnaghten, ofisa wa ngazi ya juu wa polisi. Tena Donald Swanson, aliyesimamia upelelezi, aliliandika kwa penseli ndani ya nakala yake ya kumbukumbu za Robert Anderson, aliyekuwa mkubwa wake, akieleza kwamba shahidi mmoja alimtambua mtu huyo lakini akakataa kutoa ushahidi dhidi ya Myahudi mwenzake.

Wakubwa hao hawapuuzwi, lakini tuwasome polepole. Macnaghten aliingia polisi mwaka 1889, mauaji hayo matano yakiwa yamekwisha kutokea, na katika waraka huohuo anamweleza mtuhumiwa mwingine, Montague Druitt, kuwa daktari wa miaka 41, ilhali Druitt alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Swanson naye anasema Kosminski alikufa muda mfupi baada ya kulazwa, na hapa ndipo mimi husita zaidi, kwa kuwa Aaron Kosminski aliishi hadi mwaka 1919. Ama Swanson alimkusudia mtu mwingine, ama kumbukumbu ilimponyoka. Kwa vyovyote, hakimu makini asingemtia mtu hatiani kwa maneno hayo.

Kuna pia shali inayodaiwa kuwa ya Eddowes, ambayo vipimo vyake vya vinasaba vilichapishwa mwaka 2019, vikidaiwa kumhusisha Kosminski. Vinasaba vilivyolinganishwa ni vile vinavyorithiwa kwa mama peke yake, ambavyo watu wengi wasiojuana huweza kuwa navyo kwa pamoja. Shali yenyewe imepita mikononi mwa watu wengi, wala haionekani katika orodha ya vitu alivyokutwa navyo marehemu, orodha iliyoandikwa kwa uangalifu hata vipande vya sabuni vikahesabiwa.

Kosminski alikuwa mgonjwa kweli: alisikia sauti, akakataa chakula cha kupewa na watu, akaokota mkate mitaroni. Lakini fomu ya kumpokea Colney Hatch ilikuwa na swali kama mgonjwa ni hatari kwa wengine, na jibu lililoandikwa ni hapana.