Jina likifutika tulichonge upya? Kipindi cha Neema na Hamisi

NEEMA: Haya jamani karibuni, ni sisi wale wale. Hamisi ana karatasi yake hapo mbele, mambo matano kwa kikundi kinachotaka kuanza kutunza makaburi ya zamani, kaandika vizuri na mistari kapigia. Ila kabla hatujafika huko kaka, naomba nitoe hili la Jumamosi maana limenikaa kifuani wiki nzima.

HAMISI: Toa dada. Ila ufupishe, hii karatasi ina kazi.

NEEMA: Wasikilizaji wetu wa siku zote wanajua mi na kikundi tunaendaga kwenye yale makaburi ya zamani, tunafyeka, tunaosha mawe, tunaandika majina kwenye daftari. Sasa Jumamosi tuko upande wa nyuma kule, akaja mama mmoja mtu mzima, kaongozana na fundi. Fundi ana patasi, nyundo, na kopo la rangi nyeusi. Wakaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe la marumaru ambalo nimeshawahi kulitaja hapa, lile uso wake umelika mpaka ukipitisha kidole chembe zinabaki mkononi kama sukari. Mama akasema hapa kalala mama wa bibi yangu, nimekuja kumchongea jina lake upya.

HAMISI: Na ni wake kweli?

NEEMA: Rejesta ya mazishi inasema ndiyo, tuliangalia. Jina lipo, mwaka upo, namba ya kaburi ipo. Kiongozi wetu akamwambia kwa heshima zote kwamba mama, hapa haturuhusu patasi wala rangi. Hakugombana. Aliinama, akapitisha kiganja pale jina lilipokuwa, akasema nikifa mimi hakuna atakayejua huyu ni nani. Akamwambia fundi twende. Na mi nasema wazi hapa kwenye maiki, haikuwa haki. Kaburi ni la ukoo wake.

HAMISI: Mi nasema kikundi kilifanya sawa kabisa.

NEEMA: Nilijua tu.

HAMISI: Ngoja nieleze kwanza. Marumaru ikishafika hatua hiyo ya kutoa chembe maana yake kile kinachoshikilia chembe kwa chembe kimeshaliwa. Marumaru na mawe ya chokaa yote msingi wake ni kalsiamu kaboneti, na tindikali inakula kalsiamu kaboneti, hata hii mvua ya kawaida ina tindikali kidogo, sasa piga hesabu miaka mia na zaidi ya mvua. Ukiweka patasi pale hauchongi herufi, unabomoa ukingo wa herufi. Ili upate uso mgumu wa kuchonga lazima ushuke chini, uondoe tabaka lote la juu, yaani kila alichokifanya yule fundi wa kwanza kiondoke, mkono wake wote, maua aliyoweka pembeni, kila kitu. Jiwe linabaki pale pale lakini si lile tena. Na rangi ndo usiseme, inaziba vitundu, maji yanakosa pa kutokea, yanasukuma kutoka ndani, uso unabanduka vipande vipande.

NEEMA: Hayo yote nakubali. Ya kitaalamu nakubali. Lakini we unaongelea jiwe, mi naongelea mtu aliye chini ya jiwe.

HAMISI: Ni kitu kimoja.

NEEMA: Si kitu kimoja! Jiwe liliwekwa kwa kazi moja tu, kusema nani yupo hapa. Likishindwa kusema kazi yake imeisha. Ngoja nikwambie habari ya Robert Paterson.

HAMISI: Neema, tuna mambo matano.

NEEMA: Dakika mbili tu kaka. Robert Paterson, mwashi, mtu wa Uskoti, amefariki mwaka 1801. Sasa kule Uskoti karne ya 17 kulikuwa na Waprotestanti waliouawa kwa sababu walikataa mfalme aingilie kanisa lao, wengine waliuawa porini wakazikwa huko huko, mawe yao yako milimani, yameota majani, maandishi yanafutika. Huyu Paterson akaacha shughuli zake akawa anazunguka na farasi wake mdogo na patasi, kaburi hadi kaburi, anaosha, anachonga upya majina, pasipo na jiwe anaweka jiwe. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa mshahara. Ni miaka kama arobaini hiyo! Mi huyu kwangu ndo baba wa sisi wote tunaojitolea makaburini, na patasi ilikuwa mkononi.

HAMISI: Alikuwa na familia?

NEEMA: Alikuwa nayo.

HAMISI: Ilikuwaje?

NEEMA: Aliiacha. Mke na watoto watano. Mke alimtuma mtoto wao wa kwanza akamtafute, kijana akamkuta kwenye kazi yake makaburini, na hakurudi naye.

HAMISI: Sasa huyo ndo baba wa sisi wote?

NEEMA: Kaka, simtetei hapo. Mke wake alibaki akilea watoto peke yake, na mi nafikiri huyo mama anastahili kutajwa kila Paterson anapotajwa, bila yeye ile miaka arobaini isingewezekana. Nasema juu ya kazi yenyewe. Yale majina leo yanasomeka.

HAMISI: Yanasomeka alivyoyasoma yeye. Hapo ndo penye shida yangu. Mtu anachonga kile anachodhani anakiona. Moja iliyolika na saba iliyolika zinafanana, tatu na nane zinafanana. Akikosea kusoma, akachonga, basi kosa limekuwa ukweli, limechongwa kwa kina, na ushahidi wa kumsahihisha kaufuta kwa mkono wake mwenyewe. Jiwe lililofifia haliwezi kukudanganya. Lililochongwa upya linaweza, na linaonekana safi kuliko yote.

NEEMA: Rejesta ipo.

HAMISI: Kwa huyu mama ipo. Kwa Paterson milimani rejesta ilikuwa wapi?

NEEMA: Hapo umesema. Lakini unajua kilichompata yeye mwenyewe? Alikufa, akazikwa, na kaburi lake halikuwa na jiwe. Mtu aliyechonga majina ya wenzake miaka yote ile. Jiwe lake limekuja kuwekwa mwaka 1869, miaka 68 baadaye. Na walioliweka walikuwa wachapishaji wa vitabu, maana habari zake zilishakuwa maarufu, siyo ukoo. Sasa niambie, kabla ya hapo nani alijua amelala wapi hasa? Hicho ndo alichokuwa anakiogopa yule mama wa Jumamosi, kitu kile kile.

HAMISI: Hapo nanyamaza kidogo. Hiyo sikuwa naijua.

NEEMA: Basi nikuongezee. Ile tume ya makaburi ya vita, Commonwealth War Graves Commission, ilianzishwa 1917, inatunza makaburi na kumbukumbu za watu kama milioni 1.7 waliokufa kwenye vita kuu mbili za dunia, katika nchi na maeneo zaidi ya 150. Unajua jina likifutika wanafanyaje? Wanachonga upya pale pale makaburini au wanaleta jiwe jipya. Utaratibu wao ni huo. Wenye utaalamu mkubwa kuliko wote duniani wa kutunza makaburi wanachonga upya, sisi kikundi cha watu kumi na ndoo nne tunamkatalia mama wa watu!

HAMISI: Dada huo mfano haushikiki. Mawe ya tume yamechongwa kwa kipimo kimoja, herufi za aina moja, makusudi kabisa ili jenerali na askari wa kawaida wawe sawa. Na kila jina lina kumbukumbu ya maandishi upande wa pili. Ukibadilisha jiwe moja hujapoteza mkono wa mtu yeyote, kwa sababu toka siku ya kwanza lilipangwa liweze kubadilishwa. Makaburi yetu ya zamani kila jiwe fundi alikaa akaliwaza. Lile la kona, we mwenyewe ulinionyesha, fundi aliishiwa nafasi akaipandisha herufi ya mwisho juu ya mstari, ndogo. Hiyo herufi ndogo ukiichonga upya unaiweka wapi? Fundi wa leo "atairekebisha".

NEEMA: Naipenda sana ile herufi.

HAMISI: Si unaona!

NEEMA: Naipenda kwa sababu naweza kuiona. Yule mama haoni kitu.

HAMISI: Anaweza kuona. Ndo nakuja hapo. Kwa nini hamkumletea kioo?

NEEMA: Waelezee na wengine kioo ni nini hapa.

HAMISI: Wengi wakikuta maandishi yamefifia wanapaka chaki au unga, wengine povu la kunyolea ndevu, halafu wanafuta, herufi zinatokea nyeupe. Msifanye hivyo jamani. Chaki inakwaruza, unga unalisha ukungu na wadudu, povu lina tindikali na halitoki lote kwenye vitundu vya jiwe hata uoshe vipi. Kioo hakigusi kitu. Mnachukua kioo kirefu, kile cha kujitazamia mwili mzima, mmoja anasimama nacho juani, jiwe liwe kivulini, kama halina kivuli mwingine analikinga na shuka. Halafu mwenye kioo anausukuma mwanga upite ubavuni mwa jiwe, umeinama kabisa, karibu sambamba na uso. Kila kishimo kinajaa kivuli. Usipite kwa mbele, kwa mbele hauoni kitu, ubavuni. Kuna siku nimeshika kioo, mwenzangu anasema hakuna kitu hakuna kitu, nikageuza kidogo sana, herufi tatu zikasimama. Tukapiga picha hapo hapo. Usiku tochi inafanya kazi hiyo hiyo, na giza likiwepo ndo vizuri zaidi.

NEEMA: Na ukishapiga picha?

HAMISI: Unamtolea nakala, anakaa nayo. Unaandika kwenye kumbukumbu ya kikundi. Halafu pembeni ya kaburi, siyo kwenye jiwe, pembeni, unaweka kibao kidogo chini chenye jina lake. Jiwe la zamani limebaki, jina linasomeka. Mama karidhika.

NEEMA: Kakwambia nani karidhika? Kibao ni kitu cha makumbusho, kinasema hapa palikuwa na jiwe la fulani. Yeye alitaka jina lirudi pale pale lilipokuwa. Halafu kibao kikiwa cha chuma kinaibiwa, wauza vyuma chakavu wanajua njia ya makaburini kuliko sisi. Kikiwa cha mbao mchwa.

HAMISI: Basi jiwe dogo.

NEEMA: Jiwe dogo nani anachonga? Fundi mwenye patasi. Yule yule tuliyemfukuza.

HAMISI: Kwenye jiwe jipya achonge mpaka mkono umchoke, mi sina neno.

NEEMA: Hamisi, mwisho wa yote hilo kaburi ni la nani? Mi nakuuliza kabisa. Kikundi kimekuja juzi. Ukoo uko hapo toka anazikwa.

HAMISI: Ni la ukoo, na ni la wote wanaokuja baadaye wakiwemo wa ukoo huo huo ambao hawajazaliwa. Kitukuu wa yule mama akija na kifaa ambacho sisi leo hatuna, kinachosoma maandishi ambayo sisi hatuyaoni, akute nini? Akute uso uliosawazishwa? Kitu ambacho hakirudi nyuma usikifanye. Hilo silegezi.

NEEMA: Na mi silegezi. Jiwe linalolika haliachi kulika kwa sababu umeliachia. Unamtunzia kitukuu vumbi.

HAMISI: Basi tumekwama.

NEEMA: Tumekwama. Sibadilishi.

HAMISI: Sawa. Tumebakiwa na dakika nne na sijasoma hata jambo moja.

NEEMA: Soma la kwanza.

HAMISI: La kwanza, kibali cha maandishi cha mwenye eneo, na picha ya kila jiwe kabla hujaling'oa hata jani. La pili kuosha. Hapa nieleze. Maji mengi na brashi laini ya nailoni au ya manyoya, basi. Unalowesha jiwe kwanza, unaanza chini unapanda juu, ili maji machafu yakitiririka yasikute sehemu kavu yakaacha michirizi. Brashi ya waya hapana, inakwaruza na vipande vyake vinabaki vinashika kutu. Mashine ya presha ile ya kuoshea magari hapana. Dawa ya klorini ya kuondolea madoa hapana kabisa, jiwe linang'aa wiki mbili halafu chumvi inabaki ndani ya vitundu, inaganda, inapasua kutoka ndani.

NEEMA: Siki pia.

HAMISI: Siki, ndimu, chochote chenye ukali. Na lile jiwe la marumaru la Jumamosi msilioshe hata kwa brashi. Likishatoa chembe haliguswi, mpaka aje mtaalamu wa mawe aliangalie.

NEEMA: Hilo naliunga mkono, na kikundi tumeshaliwekea alama. La tatu?

HAMISI: Saruji. Mawe mengi ya zamani yameungwa kwa chokaa, saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo kitu kikisogea linalopasuka ni jiwe, halafu haipitishi maji... hii inataka kipindi chake, siwezi kuimaliza hapa.

NEEMA: La nne na la tano?

HAMISI: Mashine za kukatia nyasi zinazogonga miguu ya mawe, na jinsi ya kugawana kazi watu wasichoke mwezi wa pili. Wiki ijayo, Mungu akipenda. Muda umeisha kweli, naona taa.

NEEMA: Mwenye jiwe la ukoo lililofifia atuandikie angependa lifanywe nini. Wenye mawe, siyo wataalamu tu. Na yule mama, kama kuna mtu anamfahamu akasikia hapa, mwambieni Jumamosi hii tupo kuanzia saa mbili, naleta kioo.

HAMISI: Nakuja kukishika.

NEEMA: Na nitamuuliza tena habari ya patasi.

HAMISI: Mwulize, nitakuwepo nimjibu.