Seva Nyumbani Inakula Stima Kiasi Gani? Pima Pamoja Nami

Habari zenu, karibuni. Leo tuko nyumbani kwangu Kasarani, Nairobi, na hicho kidude cheusi mnachokiona juu ya kabati la vyombo ndicho seva yangu, yaani kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa. Kimya kabisa. Kabla yake nilikuwa na nyingine chini ya kitanda, ile pana na bapa ya ofisini, niliyoinunua mtumba nikijiona mjanja. Nilipoiwasha mara ya kwanza mke wangu aliuliza kama tumefungua posho mill. Kelele tulizizoea. Tokeni za stima ndizo zilizotushinda.

Hatua ya kwanza, jua unalipa shilingi ngapi kwa yuniti. Usihangaike kutafuta bei mtandaoni. Fungua meseji ya tokeni, ile yenye tarakimu 20, uchukue pesa ulizotuma ugawanye kwa yuniti ulizopata. Tuseme ulituma 1,000 ukapata yuniti 34: hiyo ni kama shilingi 29 na senti 40. Humo ndani mna gharama ya mafuta, fedha za kigeni, VAT ya asilimia 16 na tozo kadhaa, lakini sisi tunataka jumla tu. Kama mwenye nyumba amekuwekea mita yake ndogo, tumia meseji yake, maana bei yake ndiyo inayokutoa pesa mfukoni.

Hatua ya pili, pima. Hapa wengi hukosea: wanasoma kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine stima, wanaona wati 750, wanaogopa bure. Hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si kile mashine inachokula. Nunua mita ya plagi, hii hapa, utaipata ukizunguka Luthuli Avenue. Ichomeke kwenye soketi, kisha seva ichomeke kwenye mita. Subiri mashine imalize kuwaka, uiache ifanye kazi zake za kawaida siku nzima, halafu usome yuniti za saa 24. Usisome wati za dakika ile ya kuwasha, zitakudanganya.

Huna mita ya plagi? Twende nje. Kwenye ploti nyingi mita yenyewe iko chini karibu na ngazi, na ndani una kile kidude cha kubonyezea namba tu. Tazama mita: kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani mipepeso kwa kila yuniti, na yuniti moja ni wati-saa 1,000. Yangu ni 1000, maana yake kila mpepeso ni wati-saa 1. Zima kila kitu ndani, friji pia, ubakishe seva peke yake. Hesabu mipepeso kwa dakika 10, zidisha kwa 6. Ukihesabu 10, seva inakula wati 60. Kama yako imeandikwa namba nyingine, gawanya 1,000 kwa hiyo namba upate wati-saa za mpepeso mmoja. Na mwambie keateka unafanya nini, usije ukashukiwa unachezea mita.

Hatua ya tatu ni hesabu fupi. Seva haizimwi, kwa hiyo zidisha wati kwa 0.72, upate yuniti za mwezi wa siku 30. Wati 10 ni yuniti 7.2. Ile seva yangu ya chini ya kitanda ilisoma wati 168 ikiwa haina kazi yoyote. Yuniti 121 kwa mwezi! Kwa bei ya mfano wetu, ni zaidi ya shilingi 3,500 za kuhifadhi picha na kufungia matangazo. Tena hata nikiizima, mita ilisoma wati 14, kwa sababu seva za ofisini zina kompyuta ndogo ndani inayobaki macho ili fundi aweze kuiwasha kutoka mbali. Usipoing'oa kwenye soketi, inaendelea kula.

Sasa hatua ya nne, na hii ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Mteja wa nyumbani wa Kenya Power huwekwa kwenye kundi kulingana na wastani wake wa miezi 3: mpaka yuniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Ukivuka 100, bei inapanda kwa yuniti zote, si zile za juu peke yake. Nyumba yangu bila seva hutumia kama 70. Nilipoongeza 121, miezi ilipopita, 1,000 ile ile ikaanza kuleta yuniti chache kuliko zamani. Nikadhani nimeibiwa. Kumbe seva ilikuwa imepandisha bei ya taa, ya friji na ya pasi. Kwa hiyo usiulize tu seva inakula ngapi. Uliza, nikijumlisha na za nyumba, nafika wapi? Mtu aliye na 80 akiongeza seva ya wati 40 anafika 109, na anailipia nyumba nzima.

Hatua ya tano, kupunguza. Kubwa kuliko zote ni kubadilisha mashine. Hii ni EliteDesk, kompyuta ndogo ya HP iliyotumika, ina SSD moja, yaani diski isiyozunguka, inasoma wati 11. Raspberry Pi, kompyuta ya saizi ya kiganja, inakula hata chini ya hapo. Laptop kuukuu nayo ni seva nzuri sana kwa Nairobi, kwa kuwa betri yake inaibeba stima ikipotea. Kama inatumia mfumo wa Linux, fungua faili ya logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, ufunge kifuniko iendelee na kazi. Ila betri ikivimba, itoe mara moja.

Diski kubwa za kuzunguka hula wati 5 mpaka 8 kila moja. Kama ni za kuhifadhi nakala tu, zilaze: amri ya Linux ya hdparm -S 120 inailaza diski baada ya dakika 10 bila kazi. Programu zinazoandika kila mara zihamishie SSD, la sivyo diski italala na kuamka usiku kucha, na huko ndiko kuchakaa. Kisha endesha powertop --auto-tune, amri ya kubana matumizi ya stima, upime tena. Kumbuka mipangilio yake hufutika ukiwasha upya.

Kuna wanaoniuliza kama usiku ni nafuu. Kwa nyumbani, yuniti ya saa 8 usiku ina bei ile ile ya saa 2 jioni. Faida ya usiku ni kuzima: kwa amri ya rtcwake -m off -s 25200, mashine inalala kwa muda wa saa 7 na kujiamsha yenyewe.

Mwisho, kama una UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine stima ikipotea, pima tena ukiwa umeweka mita kabla yake, si baada yake, kwa sababu UPS nayo hula. Tazama: kwangu seva, ruta na UPS pamoja ni wati 27. Ruta ilikuwepo kabla ya seva, natoa 9, zinabaki 18. Hizo ni yuniti 13 kwa mwezi. Na 70 za nyumba, ni 83. Zimebaki 17 kufika 100, na mke wangu ameshazitolea macho, anataka birika la umeme. La wati 2,000, dakika 10 kwa siku, ni yuniti 10. Nimepiga hesabu mara mbili. Linaingia.